Mkunga, Kitani na Daftari: Uhakiki wa Kitabu cha Laurel Thatcher Ulrich

Kitabu cha Laurel Thatcher Ulrich kiitwacho A Midwife's Tale, yaani Hadithi ya Mkunga, kilitolewa mwaka wa 1990, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Pulitzer ya historia pamoja na Tuzo ya Bancroft. Tangu hapo kimesomwa na watu wengi, wanachuoni na wasiokuwa wanachuoni. Aghalabu husifiwa kwa mambo mawili: kwamba kimemfufua mwanamke aliyekuwa amesahauliwa, na kwamba kimeonyesha jinsi watoto walivyozalishwa kabla ya waganga wanaume kuishika kazi hiyo. Sifa hizo ni za haki. Walakini zimelifunika jambo la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote katika kitabu, nalo ni habari ya biashara. Ulrich ameonyesha ya kuwa katika mji mdogo wa Marekani ya kale palikuwa na biashara ya wanawake yenye bei, madeni, malipo na wafanyakazi wa kuajiriwa, ambayo haikuonekana sawasawa katika madaftari ya wenye maduka. Uhakiki huu unalishika jambo hilo la tatu. Unakusudia kueleza njia aliyoifuata mwanahistoria huyu, mahali ambapo hoja yake ni madhubuti, na mahali ambapo mfano aliouchagua haukutosha kuubeba ukweli alioufunua mwenyewe.

Msingi wa kitabu ni shajara ya Martha Ballard. Bibi huyu alizaliwa Oxford, katika Massachusetts, mwaka wa 1735, akaolewa na Ephraim Ballard, mtu wa kupima ardhi na kuendesha vinu, wakazaa watoto tisa. Watatu kati yao, wote mabinti, walikufa kwa dondakoo mwaka wa 1769. Baadaye jamaa hii ilihamia Hallowell, ukingoni mwa mto Kennebec, katika nchi ya Maine, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Massachusetts na haikupata kuwa jimbo peke yake mpaka mwaka wa 1820. Huko, kuanzia Januari 1785 hata Mei 1812, wiki chache kabla ya kufa kwake, Martha aliandika kila siku. Siku alizoziandika zinakaribia 10,000, na watoto waliozaliwa mikononi mwake katika muda huo ni 816.

Namna ya kuandika kwake ni moja tangu mwanzo hata mwisho. Kwanza huja hali ya hewa, kisha mahali alipokuwa siku ile, tena watu waliokuja na waliokwenda, halafu kazi iliyofanyika nyumbani. Akizalisha, huandika jina la baba wa mtoto, jinsia ya mtoto, na ujira alioupokea au anaoudai. Hakuna maelezo marefu ya moyo wake. Hakuna mafumbo wala mapambo. Tahajia yake hubadilika badilika, na maneno mengi ameyafupisha. Mtu aliyezoea shajara za watu wenye elimu ya vitabu, ambao huandika wakijua kuwa huenda wakasomwa, ataiona hii kuwa kavu.

Na kavu ndivyo ilivyoonwa kwa muda mrefu. James W. North, aliyeandika historia ya Augusta mwaka wa 1870, aliitaja kidogo tu. Charles Elventon Nash alinakili sehemu zake nyingi, akiyaacha yale aliyoyaona hayafai, lakini kurasa zake zilizopigwa chapa mwaka wa 1904 hazikutolewa kuwa kitabu mpaka mwaka wa 1961. Hata baada ya hapo waandishi kadha wa historia waliipitia wakasema kuwa imejaa mambo madogo madogo yasiyo na maana. Jibu la Ulrich ni kwamba nguvu ya shajara imo katika mambo hayo hayo madogo, na katika kurudiwa kwake siku baada ya siku bila kuchoka.

Jibu hilo ni zuri, lakini laweza kupelekwa mbele zaidi ya alipolifikisha Ulrich. Daftari la mwenye duka nalo limejaa mambo madogo: ratili ya misumari, kibaba cha chumvi, kipimo cha pombe, siku ya kazi ya ng'ombe wawili. Hakuna mwanahistoria aliyepata kulitupa kwa sababu hiyo. Vitu vilivyotajwa katika maandishi haya mawili vinafanana, na wakati mwingine ni vile vile. Kilichotofautiana ni umbo. Daftari lina safu mbili, ya kudai na ya kudaiwa, na chini yake jumla. Kwa hiyo msomaji huamini mara moja kuwa ni hesabu. Shajara ya Martha imeyachanganya malipo na mvua, wageni, na ugonjwa wa jirani. Kwa hiyo msomaji huyo huyo huamini kuwa ni porojo za nyumbani. Hukumu ya kuwa jambo hili ni dogo na lile ni kubwa ilitolewa kwa kutazama aina ya maandishi kabla ya kutazama yaliyoandikwa. Wataalamu wa lugha wanaijua hatari hiyo vyema, kwani hata katika kukusanya msamiati, neno lililotoka katika hati ya serikali hupewa heshima ambayo neno lile lile hunyimwa likisikika jikoni.

Yafaa sasa itazamwe biashara yenyewe. Sura ya pili ya kitabu, inayohusu Septemba 1788, inaeleza kazi ya nguo. Kitani hupandwa, hung'olewa, hulowekwa, hupondwa na kuchanwa mpaka nyuzi zake zitoke. Kisha husokotwa, hutandwa na kufumwa. Katika safari hiyo ndefu wanaume na wanawake walishirikiana. Lakini nyumba moja peke yake haikujitosheleza. Huyu alikuwa na kitanda cha mfumi lakini hakujua kutanda. Yule alijua kutanda lakini hakuwa na vyombo. Mwingine alikuwa na mabinti wengi na kazi kidogo. Basi wasichana walikwenda nyumba hata nyumba, vyombo vikaazimwa na kurudishwa, uzi wa huyu ukafumwa kwa yule, na malipo yakafanywa kwa kazi, kwa chakula, kwa vitu vya dukani, na mara chache kwa fedha taslimu.

Hapa ndipo penye hoja ya msingi. Kubadilishana huku hakukuwa hisani ya majirani tu. Fedha za sarafu zilikuwa haba, lakini thamani ya kila kitu ilihesabiwa kwa shilingi na peni, hata pale ambapo hapana shilingi iliyopita mkononi. Ujira wa kawaida wa Martha kwa kuzalisha, katika miaka ya mwanzo ya 1790, ulikuwa shilingi 6, na aliyelipa kwa sukari au kwa sufu alijua amelipa kiasi gani na amebakiza kiasi gani. Mahali penye bei inayojulikana, deni linalokumbukwa, na malipo yanayoweza kuahirishwa, hapo pana biashara, iwe mlangoni pana kibao cha duka au hapana. Ulrich alilithibitisha hili kwa kuisoma shajara ya Martha pamoja na maandishi ya wanaume wa mji ule ule, kama vile shajara ya Henry Sewall. Katika maandishi ya Sewall, Hallowell ni mji wa mikutano ya dini, siasa na shughuli za wakubwa. Katika maandishi ya Martha, ni mji wa nyumba zinazodaiana. Mtu asomaye moja tu ya shajara hizi hujua nusu ya mji.

Sehemu iliyo bora katika hoja ya Ulrich ni ile inayohusu mabinti. Katika miaka ya mwisho ya 1780 na ya mwanzo ya 1790, nyumba ya Ballard ilikuwa na wasichana wazima: Hannah na Dolly, mabinti wa Martha, na pamoja nao jamaa na wasichana wa kuajiriwa. Hao ndio waliosokota na kufuma, wakapika, wakafua, na kuitunza nyumba. Kwa sababu yao Martha aliweza kuondoka usiku wowote alioitwa, akavuka mto kwa mtumbwi au juu ya barafu, akakaa kwa mzazi siku mbili au tatu. Mabinti walipoolewa, Hannah mwaka wa 1792 na Dolly mwaka wa 1795, ukunga wake ulikuwa mzito zaidi, na shajara ikaanza kujaa malalamiko ya uchovu na ya watumishi wasiodumu. Kwa maneno mengine, mtaji wa mkunga haukuwa katika mkoba wake wa dawa. Ulikuwa katika mikono ya wasichana waliobaki nyumbani. Jambo hili lingeweza kusemwa na mtu yeyote kwa kukisia. Ulrich amelisema kwa kuhesabu siku.

Juu ya biashara hii yote palikaa sheria. Msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki aliyezoea sheria ya Kiislamu, ambamo mke humiliki mali yake mwenyewe na mume hana haki nayo, yampasa ajihadhari hapa, asije akausoma mji wa Hallowell kwa macho ya Mombasa. Katika sheria ya Kiingereza iliyofuatwa Marekani, mwanamke akiolewa alihesabiwa kuwa amefunikwa na mumewe. Mali yake isiyo ardhi ilikuwa ya mume, ujira wake ulikuwa wa mume, na kwa kawaida hakuweza kufanya mkataba wala kushtaki mahakamani kwa jina lake peke yake. Mjane na mwanamke asiyeolewa walikuwa nje ya kifuniko hicho. Palikuwa na nafasi chache za kupenya: katika Pennsylvania, kwa mfano, sheria ya mwaka wa 1718 iliwaruhusu wake za mabaharia kufanya biashara kwa majina yao waume wakiwa safarini, na wanawake wenye uwezo waliweza kufanya mapatano kabla ya ndoa, kama alivyofanya Elizabeth Murray, mwenye duka wa Boston, ambaye habari zake zimeandikwa na Patricia Cleary katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 2000. Lakini sheria za majimbo za kuwapa wake mali yao hazikuanza mpaka ile ya Mississippi ya mwaka wa 1839, na ile ya New York, iliyoigwa sana, ni ya mwaka wa 1848. Martha alikuwa amekufa zamani.

Basi zile shilingi 6 zilikuwa za nani? Katika shajara ni za Martha, maana yeye ndiye aliyezipokea, akaziandika, na mara nyingi akaamua zitumikeje. Katika sheria zilikuwa za Ephraim. Na aliyedaiwa naye, kwa desturi ya mwandishi, huitwa kwa jina la mume, ingawa aliyezaa ni mke. Jina moja la mwanamume limesimama hapo kwa niaba ya watu wawili, na huenda hata wanne.

Swali hili la nani ni nani linaingia mpaka ndani ya sarufi, na hapo ndipo kitabu hiki kinapowapa wataalamu wa lugha kazi ya kufanya. Kiingereza cha kawaida hudai kila kitenzi kiwe na mtendaji wake aliyetajwa. Walakini katika shajara, desturi huruhusu mtendaji aachwe, na Martha anaitumia sana ruhusa hiyo, ingawa si kila mara. Huandika kitenzi na kitu kilichotendwa, basi. Mara nyingi mtendaji ni yeye mwenyewe. Lakini katika nyumba yenye mabinti wawili, jamaa, na msichana wa kuajiriwa, yakini hiyo hupungua, hasa kazi yenyewe ikiwa ni ya kitani.

Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuliacha pengo hilo kama lilivyo, kwani kitenzi chake hakisimami bila kiambishi cha mtendaji. Akikutana na kazi ya kutanda nyuzi iliyotajwa hivyo, atalazimika kuchagua: nilitanda, tulitanda, walitanda, au, akitaka kukwepa, zilitandwa. Kila chaguo ni dai juu ya historia. Nilitanda yampa Martha kazi yote. Tulitanda yaifanya kazi kuwa ya shirika. Walitanda yamfanya kuwa bibi mwenye kuamuru, na wasichana kuwa mikono yake. Zilitandwa yauficha mkono kabisa, kama ulivyofichwa na daftari la duka. Haifai kudai kwamba Kiswahili kwa sababu hiyo ni lugha bora ya historia. Inatosha kusema kuwa kinamlazimisha mtu kuuliza swali ambalo Kiingereza cha shajara humruhusu kulipita. Na dawa ya swali hilo haimo katika sarufi. Imo katika njia aliyoifuata Ulrich, ya kuisoma siku moja pamoja na siku nyingine, kujua nani alikuwa nyumbani na nani alikuwa safarini, mpaka mtendaji aonekane.

Mpango wa kitabu unamsaidia msomaji katika jambo hili. Kila sura huanza na kurasa za shajara kama zilivyoandikwa, ndipo hufuata maelezo. Msomaji hapewi matunda yaliyokwisha menywa. Hupewa tunda na kisu pamoja. Tena mwaka wa 1992, miaka miwili baada ya kitabu cha Ulrich, shajara nzima ilitolewa na Robert R. McCausland na Cynthia MacAlman McCausland, kwa hiyo anayetaka kumsahihisha mwanahistoria anayo njia. Si vitabu vingi vinavyomkabidhi mpinzani silaha namna hii.

Sasa yafaa yatajwe yale yaliyopungua. La kwanza ni mfano wa nguo. Ili kueleza jinsi maisha ya wanaume na ya wanawake yalivyohusiana, Ulrich anatumia mfano wa kitani cha miraba kilichofumwa kwa nyuzi za rangi mbili, nyeupe na buluu. Nyuzi za rangi moja ni shughuli za wanawake, za rangi ya pili ni za wanaume. Mtande na mshindio vikikutana, miraba mingine huwa nyeupe tupu, mingine buluu tupu, na mingine mchanganyiko. Mfano huu ni mzuri, kwa kuwa umetoka katika kazi yenyewe ya watu wanaoelezwa, na kwa kuwa unakataa ile dhana ya kwamba wanawake waliishi katika dunia yao peke yao. Lakini unachukulia kwamba kila uzi una rangi yake kabla haujaingia kitandani. Shilingi 6 za mkunga hazikuwa hivyo. Zilikuwa nyeupe mkononi mwa Martha na buluu mbele ya hakimu, uzi ule ule, siku ile ile. Mwaka wa 1804 Ephraim alifungwa kwa deni la kodi aliyokuwa amepewa kazi ya kuikusanya. Deni lilikuwa la ofisi yake. Lakini aliyehangaika kutafuta kuni, na aliyelazimika kuishi kwa shida katika nyumba iliyoingiwa na mwanawe Jonathan na jamaa yake, ni Martha. Uzi wa buluu ulimkaba mtu aliyehesabiwa kuwa mweupe. Ulrich ameyasimulia haya yote kwa uaminifu na kwa huruma, lakini hakurudi kuutazama upya mfano wake baada ya kuyasimulia. Mfano umebaki katika sura ya pili, ukweli umesonga mbele mpaka sura ya nane.

La pili ni umbo la masimulizi. Shajara, kama ilivyoonyeshwa, ni maandishi yenye watendaji wengi, wengine wakitajwa na wengine wakiachwa. Kitabu kilichotokana nayo kimeandikwa kwa jina la mtu mmoja. Ulrich anajua na anasema wazi kwamba ukunga wa Martha ulitegemea kazi ya mabinti. Hata hivyo, msomaji akifunga kitabu, anayemkumbuka ni Martha, na wasichana waliosokota kitani wamerudi kivulini. Kosa hili si la mwandishi peke yake. Msomaji naye hupenda shujaa. Lakini kitabu kilichokusudia kuonyesha mikono iliyosahauliwa kilipaswa kujilinda zaidi na mapenzi hayo.

La tatu ni mpaka wa ushahidi. Hallowell ilikuwa mji mdogo wa mpakani, wa mbao na vinu, na mto wake uliganda wakati wa baridi. Yaliyo kweli huko hayawi kweli kila mahali katika Marekani ya kale, na Ulrich hakudai hivyo. Waliomfuata ndio wakati mwingine waliodai. Kwa hiyo ni vyema kitabu chake kisomwe pamoja na kile cha Ellen Hartigan-O'Connor, The Ties That Buy, kilichotolewa mwaka wa 2009, ambacho kinachunguza wanawake na biashara katika miji miwili ya bandari, Newport na Charleston, wakati wa mapinduzi. Huko nyumba moja huwa na watu wengi wasiokuwa wa ukoo mmoja, wapangaji, watumishi na watumwa. Na mikopo huunganisha watu wa tabaka mbalimbali, wakinunuliana, wakidhaminiana, na kutumana dukani. Newport ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, na katika soko la Charleston wanawake watumwa waliuza vyakula mchana kweupe. Mwanamke aliyeuza mboga huku yeye mwenyewe akiwa bidhaa hakuacha shajara. Habari zake hupatikana katika matangazo ya magazeti, katika hati za mahakama, na katika malalamiko ya wale waliotaka azuiwe kuuza. Katika Massachusetts utumwa ulikuwa umevunjwa nguvu na hukumu za mahakama za miaka ya 1781 hadi 1783, na kwa hiyo suala hili halikukaa katikati ya shajara ya Martha. Basi asichukue mtu nyumba ya Ballard kuwa ndiyo nyumba ya Marekani. Martha alikuwa na kalamu, karatasi, na uhuru. Vitu vitatu ambavyo kukosekana kwa kimojawapo kungalitosha kumpoteza.

Liko jambo moja linaloiunganisha nyumba hiyo ya mbali na msamiati wa Kiswahili. Kitani kilichofumwa nyumbani Hallowell hakikudumu. Kuanzia miaka ya 1820, viwanda vya pamba vya New England, na mashuhuri miongoni mwavyo vile vya Lowell katika Massachusetts, vilianza kufuma nguo nyingi kwa bei nafuu, na wafanyakazi wake wa kwanza walikuwa hasa wasichana wa mashambani, kutoka nyumba za namna ile ile ambazo Hannah na Dolly walikulia. Merikebu za Salem zikaichukua nguo hiyo nyeupe isiyopaushwa mpaka Unguja. Mwaka wa 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka wa 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kuwa balozi mdogo. Nguo ikapata jina la nchi ilikotoka, ikaitwa merikani, ikaenda na misafara mpaka bara, ikatumika kama fedha mahali ambapo sarafu haikupita. Ajabu ni kwamba hali hii inafanana na ile ya Hallowell: thamani inajulikana, sarafu ni haba, na nguo ndiyo inayolipa.

Neno merikani, basi, limehifadhi jina la nchi na la biashara iliyofanywa na wanaume wa merikebu. Halikuhifadhi habari za mikono iliyofuma. Hili si lawama kwa Waswahili, ambao waliita kitu kwa jina la mahali kama wafanyavyo watu wote. Wala haliwezi kudaiwa neno moja lichukue mzigo wa historia nzima. Lakini mwandishi wa kamusi akifika katika neno hilo, na akaridhika kuandika kuwa ni aina ya nguo ya pamba iliyotoka Marekani, atakuwa amefanya kama Nash alivyofanya: amenakili lililokuwa wazi, akaacha lililokuwa na shida. Ulrich mwenyewe aliendelea na uchunguzi wa nguo za nyumbani katika kitabu chake cha mwaka wa 2001, The Age of Homespun, na wanaoshughulika na majina ya nguo katika pwani hii watakuta humo mambo mengi ya mwanzo wa safari ambayo wao wanaujua mwisho wake.

Kwa jumla A Midwife's Tale ni kitabu cha kusomwa na kila anayefanya kazi na maandishi ya watu wasiokuwa mashuhuri. Thamani yake haitegemei kumpenda Martha Ballard, ingawa ni vigumu kutompenda. Inategemea subira ya mwanahistoria aliyekubali kwamba hesabu yaweza kuandikwa bila safu, na kwamba biashara yaweza kufanywa na mtu ambaye sheria haimhesabu kuwa mfanya biashara. Kasoro zake tatu zilizotajwa hapa hazimnyimi heshima hiyo. Mbili kati yake zinaonekana kwa sababu yeye mwenyewe ametoa ushahidi wa kuzionea. Ziko barua nyingi za Kiswahili za khati ya Kiarabu, na ziko hati za makadhi wa Unguja na Mombasa, ambamo wanawake hununua nyumba, hukopa, hudai na hudaiwa. Wengi wa waliozisoma wamezisoma kwa ajili ya lugha yake, na wengine kwa ajili ya siasa. Kitabu cha Ulrich kinaonyesha kwamba zaweza kusomwa kwa jambo la tatu, na kwamba kazi hiyo huanza kwa kuuliza, mbele ya kila kitenzi, mtendaji ni nani.